Mapunye ya Kichwani

Mtoto anajikuna kichwa. Nywele zimekatika, pamebaki duara lenye magamba meupe. Hayo ni mapunye. Huletwa na kuvu, jamii moja na ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Mtoto huambukizwa kwa kofia, kitana, mto au wembe uliotumiwa na mwenzake.

Wazee wengi humpaka mtoto dawa ya choa. Choa cha mwilini hupona kwa dawa ya kupaka. Mapunye hayaponi hivyo. Kuvu imeingia ndani ya unywele wenyewe, na dawa ya kupaka haifiki huko. Dawa yake humezwa. Moja inaitwa griseofulvini. Mganga huipima kwa uzito wa mtoto, naye humeza kila siku kwa wiki 6 hadi 8. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta, kama wali wa nazi. Mwili huipokea vizuri zaidi. Nywele zikianza kuota, usiache dawa.

Mara nyingine kichwa huvimba, kikawa laini kama embe bivu, kikatoa usaha. Tezi za shingo huvimba, na mtoto huweza kupata homa. Watu husema ni jipu. Usilipasue, wala usipake mafuta ya taa. Mpeleke hospitali upesi: Wete, Chake Chake au Mkoani, iliyo karibu nawe. Akichelewa, pale palipovimba nywele huenda zisiote tena.

Watazame na ndugu zake wanaolala naye. Foronya zichemshwe. Kofia nayo ifuliwe kwa maji ya moto, hata ile ya viua uliyoishona kwa miezi. Akishaanza dawa aende chuoni kama kawaida, ila kofia yake asimwazime mtu.