Mafunzo Niliyopata kwa Kuchora Mashujaa wa Wenzangu

Vijana wanaofika kwenye karakana yangu ya mabango hapa Dar es Salaam huja na madaftari yaliyojaa mashujaa wa filamu na vibonzo: Black Panther, Goku, Darth Vader, roboti za Kijapani zenye mabawa. Siwaulizi kama wana nia ya kuwa wachoraji, maana daftari limeshajibu. Wao ndio huniuliza kama kuchora wahusika waliobuniwa na watu wengine ni kupoteza muda. Nawajibu kwamba hiyo ndiyo shule niliyosoma mimi. Walimu wangu walikuwa mikanda ya video iliyochakaa, pamoja na vibonzo vya Marekani vilivyopangwa chini barabarani kati ya vitabu vya mitumba, vingine vikiwa vimepoteza majalada. Niliyoyapata humo ni haya.

1. Kila umbo lina sababu, itafute

Chombo cha anga cha kwanza kuniteka moyo kilikuwa Enterprise, cha tamthilia ya Star Trek iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966. Nilikichora ubavuni, kama nilivyokiona kwenye mkanda, na watu wakasifu. Siku moja rafiki yangu, fundi wa boti, akaniomba nimchoree kikionekana kutoka chini, kama mtu aliyelala chali anavyotazama ndege. Mkono ukakwama. Mistari ya chombo kile niliijua yote, lakini chombo chenyewe sikukijua.

Miaka mingi ikapita ndipo nikasoma habari za Matt Jefferies, msanii aliyekisanifu. Alikuwa mtu wa ndege, aliyehudumu kwenye ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliona kwamba injini za kuushinda mwendo wa nuru lazima ziwe za hatari, hivyo akazitenga mbali na watu, kila moja juu ya nguzo yake. Aliona pia kwamba haifai fundi kutoka nje angani kila kitu kinapoharibika, basi mitambo akaiweka ndani na kuuacha mwili wa nje ukiwa laini. Usiku ule ule nilishika penseli. Nilikichora kutoka chini, kutoka nyuma, hata kikiwa kimepasuka katikati, na kila mara nilijua kipi kinafuata kipi.

Tangu hapo, kila kitu ninachokipenda nakidai sababu yake. Ralph McQuarrie, alipokuwa anachora picha za mwanzo za Star Wars mwaka 1975, aliona kwenye mswada kwamba Darth Vader anavuka anga kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Akajiuliza: huyu mtu atapumuaje? Akamvika kinyago cha kupumulia. Sura ile inayotisha dunia nzima hadi leo ilizaliwa na swali ambalo hata mtoto wa shule angeliuliza. Kijana akiniletea Vader wake, huwa namwomba anionyeshe hewa inaingilia wapi. Wengi hurudi wiki inayofuata na mchoro mwingine kabisa.

2. Mtu hutambulika kwa mkao kabla ya mavazi

Mama mmoja mwenye saluni huko Temeke aliniagiza ubao wa mitindo ya nywele, akaniachia nichague nyuso. Katika uso mmoja nilimweka Luteni Uhura, mhusika aliyechezwa na Nichelle Nichols kwenye Star Trek. Sare nyekundu sikumvika, kwa kuwa ubao ulionyesha kichwa na mabega tu na mwenye saluni alitaka kitenge. Nilichobakiza ni mkono: vidole viwili sikioni, shingo imeinama kidogo, macho ya mtu anayesikiliza ujumbe kutoka mbali.

Nilipopita pale kuchukua malipo ya mwisho, mteja mzee aliyekuwa anasukwa aliuonyesha ubao kwa kidole akasema huyu dada alikuwa akipokea simu za angani kwenye sinema. Nilishangaa mno. Sare haikuwepo, wala chombo, wala nyota. Mkono mmoja ulitosha kumrudishia kumbukumbu ya miaka yote ile.

Naomba hili ulishike kwa uzito. Wachoraji chipukizi hutumia saa nyingi kwenye vifungo na mikanda ya sare, kisha humsimamisha mhusika kama anayepigwa picha ya pasipoti. Anza na mkao. Mchore mhusika wako kwa kivuli cheusi kitupu, bila macho wala nembo, umpe ndugu yako akutajie ni nani. Akishindwa, bado huna mchoro, hata kama kila kifungo kiko mahali pake.

Na kwa kuwa nimemtaja Uhura: katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, The Changeling, kumbukumbu zake zinafutwa, na wakati anafundishwa upya kusoma anarudi kwenye Kiswahili. Anayedhani hadithi za anga za juu hazituhusu, namwelekeza huko.

3. Nenda kwenye kisima walichochota wao

Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, karakana yangu ilijaa walinzi wa kike wa Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo. Nilifurahi, nami nikachora wa kwangu: mwanamke mwenye mkuki, nguo nyekundu, shingo imejaa shanga. Mchoro huo nikamwonyesha dada wa Kimaasai anayeuza shanga karibu na kituo chetu cha daladala. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu ameolewa au bado?"

Nilikosa la kusema. Akanieleza kwa upole kwamba shanga za mwanamke wa Kimaasai huzungumza, na mtu wa kwao akizitazama hujua kama yeye ni mke wa mtu au ni binti. Mlinzi wangu alikuwa amevaa zote mbili, za mke na za binti.

Nilirudi kuitazama filamu kwa jicho hilo. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi yale na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2019 kwa kazi hiyo, alisoma mavazi ya watu wengi wa Afrika. Mablanketi ya kabila la mpakani yametokana na ya Wabasotho. Taji la Malkia Ramonda limetokana na isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ingawa lilitengenezwa kwa mashine ya kuchapa maumbo. Nyekundu ya wale walinzi ina asili ya Kimaasai. Sisi huku tulikuwa tunanakili kutoka kwenye skrini kitu ambacho muuza shanga wa kituoni angetufundisha bure.

Ukipenda kazi ya mtu, tafuta alichokisoma yeye. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyo wa filamu fupi za katuni uitwao Kizazi Moto, wenye kazi za wasanii wa bara hili, akiwamo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Herderboy ya Malinga ina wachungaji wa ng'ombe, ila wana vifaa vya wakati ujao. Anayeishi karibu na wafugaji ana hazina kubwa zaidi ya kuichora filamu kama hiyo kuliko mtu wa Los Angeles. Nenda zizini na daftari.

4. Usichore peke yako

Hili ni fupi. Mwaka 1933 huko Cleveland, Marekani, vijana wawili wapenzi wa hadithi za kisayansi, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitoa kijarida chao wenyewe. Mmoja aliandika, mwingine akachora. Humo mlikuwa na hadithi yenye jina la Superman, na miaka mitano baadaye Superman tunayemjua akatoka. Huko Tokyo, wapenzi wa vibonzo walianzisha soko lao, Comiket, Desemba 1975, wakiuziana vijarida walivyochapa wenyewe. CLAMP, kundi la wanawake wanaosomwa leo duniani kote, walianzia kwenye vijarida vya namna hiyo. Tafuta wenzako watatu, mkutane, kila mmoja aje na ukurasa uliokamilika.

5. Kupenda hakukupi ruhusa ya kuuza

Mwenye duka la kuchapa fulana alinijia na pendekezo tamu: nimchoree shujaa wa filamu iliyokuwa inavuma, naye achape mzigo mkubwa. Nilihitaji hela, na mchoro nilikuwa nao tayari. Nilikataa baada ya kuuliza watu wanaojua sheria, na jibu lao nakupa bila kulipunguza.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, na tangu 1994 nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, ambao hulinda humu kazi za nje kama zinavyolindwa za ndani. Kwa hiyo mhusika aliyebuniwa Tokyo au New York ana mwenyewe hata akichapwa Kariakoo. Kuchora ili ujifunze, kumpa rafiki zawadi, kuweka kwenye daftari la kuonyesha uwezo wako, hayo wenye kazi wengi huyavumilia, na baadhi huyafurahia. Kuchapa fulana na kuziuza bila idhini ni jambo jingine. Ukimwona mtu anafanya na hajaguswa, usichukulie hilo kuwa ruhusa.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu upande wa pili wa sheria hiyo ni wewe. Siegel na Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Kesho utakuwa na mhusika wako mwenyewe, na utataka watu wamheshimu kama ulivyoheshimu wa wenzako. Asiyetambua haki ya mwingine hutia sahihi yake popote anapoonyeshwa, bila kusoma.

6. Iko milango iliyo wazi, pitia humo

Ukitaka kuuza, zipo hadithi ambazo ulinzi wake umekwisha katika nchi nyingi. H. G. Wells alichapisha The War of the Worlds mwaka 1898 na akafariki 1946. Leo kitabu hicho ni mali ya umma Uingereza na Marekani. Miaka michache baada ya kutoka, Mbrazili aliyeishi Ubelgiji, Henrique Alvim Corrêa, alikisoma akapendezwa, akachora mashine za wavamizi wa kutoka Mirihi zenye miguu mitatu bila kuagizwa na mtu. Akazipeleka London kumwonyesha Wells mwenyewe. Wells alizipenda, na zikaingia katika toleo la Kifaransa lililochapishwa Brussels mwaka 1906. Huyo alikuwa shabiki kama wewe, na michoro yake bado inachapishwa.

Basi zichukue mashine hizo uzisimamishe juu ya Feri ya Kigamboni, moshi ukiwa umetanda hadi Magogoni, abiria wakikimbia na matenga ya samaki. Tafuta kwanza kwa nini zina miguu mitatu na jinsi zinavyopiga hatua. Ukimaliza mchoro, andika pembeni jina la aliyezibuni, chini yake jina lako na mwaka, kisha niletee niuone.