Makosa ya Kuepukwa na Ajengaye Nyumba

Mtu hulima, hufanya kazi ya mshahara au biashara kwa miaka mingi, akaweka akiba kidogo kidogo ili apate kujenga nyumba yake mwenyewe. Kwa wengi hakuna gharama iliyo kubwa kuliko hiyo katika maisha yote. Hata hivyo nyumba nyingi huonyesha nyufa kabla ya kutimia mwaka wa pili. Nyingine huingiza unyevu, na nyingine huezuliwa na upepo. Mara nyingi sababu si uchache wa fedha. Ni makosa machache ambayo yangaliepukwa kwa urahisi kama mwenye nyumba angaliyajua mapema. Makosa hayo yaelezwa hapa kwa kufuata utaratibu wa kazi yenyewe, tangu kiwanja hata paa.

Kabla ya Kuchimba

Kosa la kwanza hutendeka kabla jembe halijagusa ardhi, nalo ni kujenga mahali ambapo haki yake haijathibitishwa. Anunuaye kiwanja na aende kwanza katika ofisi ya ardhi ahakikishe jina lililoandikwa katika daftari, na kama ardhi hiyo imewekwa rehani. Kisha mpima ardhi aonyeshe mipaka. Ukuta uliosimama katika hifadhi ya barabara au katika shamba la jirani hubomolewa, hata uwe umejengwa kwa ustadi namna gani. Ramani ya nyumba nayo yapaswa kupelekwa kwa serikali ya kaunti ili ikubaliwe kabla ya kazi kuanza.

Kosa la pili ni kuanza nyumba iliyozidi mfuko. Huonekana kila mahali kuta zilizofika kimo cha madirisha zikaachwa miaka mitano au zaidi. Mvua huzinyea, maji huingia katika viungo vya mawe, na fedha iliyozikwa pale haimfaidii mtu yeyote. Ni afadhali kuchora nyumba nzima, lakini kujenga kwanza vyumba viwili na kuviezeka, kisha kuongeza vingine kila fedha ipatikanapo. Aliye na vyumba viwili vyenye paa hulala ndani. Aliye na kuta za vyumba sita zisizo na paa huendelea kulipa kodi kwa mwingine.

Kuchagua Mahali

Bonde huvutia kwa kuwa ni tambarare na karibu na maji, lakini maji hayo hayo hurudi wakati wa masika. Mahali pazuri ni penye mteremko mdogo, ambapo mvua hutiririka mbali na nyumba. Kando ya mto ni mahali pa hatari kabisa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1916 haukumbukwi na waliopo leo, lakini ule wa 29 Aprili 2016 unakumbukwa: mtaani Huruma, Nairobi, jengo la orofa sita lililokuwa karibu na mto lilianguka baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Atakaye kuongeza orofa juu ya nyumba iliyowekewa msingi wa nyumba ya chini, au kujenga mahali penye maji, na ajue kwamba hapo si fedha tu iliyo hatarini.

Udongo nao wapaswa kuchunguzwa. Udongo mweusi wenye kunata, kama ule wa nyika za Athi, wa Mwea na wa uwanda wa Kano, huvimba unyeshewapo na hunywea na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyowekwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, mpaka kuta zikatike. Udongo huo huchimbwa na kuondolewa mpaka kufikia ardhi ngumu, na mahali pake hujazwa mawe au changarawe na kushindiliwa. Kama una kina kirefu, shauri la mhandisi lahitajiwa.

Kupima na Kuweka Msingi

Nyumba isiyokuwa na pembe za mraba husumbua mpaka mwisho: mabati hayalingani, wala milango haikai sawa. Kuna njia rahisi ya kupata pembe sawa. Kutoka pembeni hupimwa mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kamba inayounganisha ncha hizo mbili ikiwa mita 5 kamili, pembe ni sawa. Msingi wote ukishapimwa, kamba zivutwe toka pembe hata pembe kwa kukingamana. Urefu wa kamba hizo mbili lazima uwe mmoja. Kwa mfano, nyumba ya mita 12 kwa mita 9 itakuwa na kamba za mita 15 kila moja.

Wengi huuliza msingi uwe na kina gani. Jibu ni kwamba kina huamuliwa na ardhi: huchimbwa mpaka kufika udongo mgumu usiochanganyika na mizizi, takataka wala udongo wa kujazwa. Upana wa zege ya msingi kwa nyumba ya kawaida huwa mara tatu ya unene wa ukuta. Ukuta wa sentimita 20 wataka zege ya sentimita 60. Chini ya mtaro pawe tambarare. Penye mteremko huchimbwa kwa ngazi, kwa maana zege iliyomwagwa juu ya mteremko huteleza pamoja na mzigo wake.

Sakafu iinuliwe juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 15, na karatasi nzito ya kuzuia unyevu itandazwe juu ya ukuta wa msingi kabla ya kuendelea na ukuta wa nyumba. Karatasi hiyo ni ya bei ndogo. Ikisahauliwa, maji hupanda ukutani kama mafuta yapandavyo katika utambi, rangi huambuka na lipu huanguka, na hakuna dawa rahisi ya kuliponya jambo hilo nyumba ikishakwisha.

Saruji, Mchanga na Maji

Hapa ndipo fedha nyingi zaidi hupotea. Mafundi wengi hupima kwa sepetu, na sepetu moja hujaa kuliko nyingine. Yafaa litengenezwe sanduku lisilo na kitako, lenye sentimita 40 kwa 35 na kimo cha sentimita 25 kwa ndani. Sanduku hilo huchukua lita 35, ambazo ni sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Kwa zege ya linta na nguzo za nyumba ndogo, mfuko mmoja huchanganywa na masanduku 2 ya mchanga na masanduku 4 ya kokoto. Kwa zege ya msingi wa nyumba ya kawaida huweza kuwa masanduku 3 ya mchanga na 6 ya kokoto.

Mchanga uwe safi. Ili kuujaribu, chupa nyeupe hutiwa mchanga mpaka nusu, kisha maji mpaka karibu kujaa na kijiko cha chumvi, ikatikiswa sana na kuachwa saa tatu. Mchanga hukaa chini, na tope hukaa juu yake. Ikiwa mchanga una kimo cha sentimita 12 na tope limezidi sentimita 1, mchanga huo uoshwe au uachwe. Mchanga wa pwani ya bahari usitumiwe bila kuoshwa vema, kwa kuwa chumvi yake hula nondo na huvuta unyevu.

Kosa kubwa kuliko yote ni maji mengi. Zege ya majimaji humwagika kwa urahisi, na vibarua huipenda. Lakini saruji hutumia sehemu tu ya maji yale. Yaliyobaki hukauka na kuacha vitundu visivyohesabika, na zege huwa dhaifu. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutosheka na lita 25 hivi za maji, na mchanga ukiwa na unyevu hupunguzwa zaidi. Zege iliyochanganywa itumiwe kabla haijapita saa moja. Iliyoanza kuganda isitiwe maji mapya ili kulainishwa, na itupwe.

Zege ikishamwagwa hainyimwi maji tena. Hufunikwa kwa magunia au nailoni na kunyunyiziwa kwa siku 7 au zaidi. Saruji haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji yenyewe, na ikinyimwa maji mapema haifikii nguvu yake. Nguvu hiyo hupimwa baada ya siku 28. Kwa hiyo mwenye kuharakisha kuondoa mbao za kushikilia zege huhatarisha maisha ya walio chini yake. Haraka haraka haina baraka.

Mifuko ya saruji ihifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Baada ya miezi mitatu nguvu yake hupungua, na iliyokwisha kuwa mabonge haifai.

Kuta na Nondo

Matofali na mawe yaloweshwe kabla ya kujengwa, yasije yakanyonya maji ya saruji. Viungo vya safu moja visilingane na vya safu iliyo chini yake. Viungo vikifuatana juu kwa juu, hapo ufa umekwisha kupata njia yake. Timazi na pimamaji vitumiwe kila safu, na ukuta usipandishwe zaidi ya mita 1.2 hivi kwa siku moja, usije ukalemewa na uzito wake kabla saruji haijashika.

Juu ya kila mlango na dirisha pawe na linta yenye nondo, nayo iingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Afadhali zaidi ni mkanda mmoja wa zege uzungukao kuta zote. Nondo zisilale juu ya mbao za chini. Vipande vidogo vya zege viwekwe chini yake ili zifunikwe pande zote angalau milimita 25. Nondo iliyo wazi hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka.

Paa na Maji ya Mvua

Upepo haulisukumi paa tu. Hulivuta pia kwa kwenda juu. Kwa hiyo mbao za paa zifungwe kwa waya au vipande vya chuma vilivyojengwa ndani ya ukuta safu kadhaa chini. Mabati huanza kupigiliwa upande ule ambao upepo hauji kutoka kwake, ili mdomo wa kila bati uwe umeupa upepo mgongo. Misumari hupigwa juu ya mgongo wa bati wala si katika bonde lake, kwa maana bondeni ndimo maji yapitamo. Mbao ziwe kavu na zilizotiwa dawa ya mchwa.

Maji ya paa hayafai kuachwa yakachimba msingi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa lenye mita mraba 108 likinyeshewa milimita 10 tu hupata lita 1,080. Yakianguka chini ya ukuta, maji hayo ni adui; yakipitishwa katika mifereji hata tangini, ni safari nyingi za kisimani zilizookolewa kwa akina mama na watoto.

Afya ya Watakaokaa Ndani

Nyumba imara isiyo na hewa si nyumba njema. Madirisha ya kila chumba yawe na eneo lisilopungua sehemu moja katika kumi ya eneo la sakafu, nayo yafunguke. Yawekwe nyavu za kuzuia mbu. Moshi wa jikoni upate njia ya kutokea juu. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa mteremko. Kisima kikiwa chini ya choo, uchafu utakifuata.

Mapatano na Fundi

Fundi aajiriwe baada ya kutazamwa nyumba alizojenga miaka miwili au mitatu iliyopita, si ile anayoimaliza sasa, kwa kuwa nyumba mpya zote hupendeza. Mapatano yaandikwe: kazi gani, kwa vipimo gani, kwa fedha kiasi gani. Malipo yafuate hatua za kazi: msingi, kuta, linta, paa, lipu. Mwenye nyumba awepo yeye mwenyewe, au amweke mtu amwaminiye, hasa siku ya kumwaga zege, maana yaliyofukiwa siku ile hayataonekana tena mpaka yajionyeshe kwa nyufa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ajengaye leo anao uwezo wa kufanya zaidi ya hapo: kuuzuia ufa usizaliwe. Karatasi ya unyevu, sanduku la kupimia, chupa ya kujaribia mchanga na ndoo za maji ya kunyunyizia zege ni vitu vya gharama ndogo, lakini ndivyo vinavyotenga nyumba itakayorithiwa na wajukuu na ile itakayombebesha mwenyewe deni la kuijenga mara ya pili.