Madirisha ya Nyumba ya Pwani: Tulipie Alumini ya Anodaizi?

Dada mmoja hapa Parkdale, anayefanya usafi kwenye nyumba za watu, anajenga Mtwapa. Fundi kamtumia ujumbe: "Dada, madirisha niweke alumini ya kawaida au ya anodaizi? Ya anodaizi bei iko juu kidogo." Jibu anataka leo. Tukamwambia: usitume hela bado, tupige hesabu kwanza.

Anodaizi ni nini?
Alumini hujitengenezea ngozi nyembamba ya kujilinda. Kiwandani huitumbukiza kwenye tindikali na kupitisha umeme, ngozi ile ikaongezeka unene. Si rangi ya kupaka, kwa hiyo haibanduki. Unene hupimwa kwa mikroni. Mikroni 1,000 ni milimita 1.

Nani anaihitaji?
Sote tunaona chumvi ya barabarani inavyokula magari hapa Queen Street kila baridi ikija. Upepo wa bahari hufanya kazi hiyohiyo mwaka mzima. Karibu na bahari, alumini tupu hutoka madoa meupe na vishimo. Huko hushauriwa mikroni 25. Kama unajenga mbali na bahari, tuseme Nakuru au Dodoma, usilipie 25. Mikroni 15 kwa kawaida inatosha.

Hesabu (namba za mfano, weka bei za fundi wako)
Madirisha 12, tofauti ya shilingi 4,000 kila moja, ni 48,000. Gawa kwa miaka 20: 2,400 kwa mwaka, yaani 200 kwa mwezi. Sasa linganisha na kung'oa dirisha lililooza: fremu mpya, kioo, fundi, na plasta ya kurudishia ukuta.

Kabla ya kutuma hela
1. Kotesheni iandike "anodaizi" na idadi ya mikroni. "Rangi ya fedha" peke yake haitoshi, maana alumini tupu nayo ina rangi ya fedha.
2. Ndugu yako aende na fundi wa umeme mwenye mita. Waguse uso wa fremu taratibu kwa ncha zote mbili. Ikilia, umeme unapita: hiyo ni alumini tupu. Isipolia, imefunikwa na kitu. Ila mita haisemi unene, kwa hiyo dai pia karatasi ya kiwanda.
3. Plasta imalizike kwanza, au fremu zifunikwe vizuri. Saruji na chokaa mbichi hula anodaizi, na doa lake halitoki.
4. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.
5. Lipa kwa awamu. Ya mwisho itoke baada ya kupima.

Nyumba ikishaisha, fremu zioshwe mara kwa mara kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni laini.

Dada yetu alipoisoma tena kotesheni yake, ilikuwa imeandikwa "rangi ya fedha" tu. Amemuuliza fundi ni mikroni ngapi. Mpaka jibu lije, hela imekaa benki.