Dondoo Muhimu: Kulala Kambi za Wanachama kwa Gari-Nyumba

Nchini Marekani, uanachama wa kambi humpunguzia msafiri wa gari-nyumba gharama za kulala njiani. Kabla ya kulipa ada, zingatia haya:

• Chagua kulingana na safari yako. Mpango wa Passport America hupunguza nusu ya bei ya usiku katika kambi washirika. Thousand Trails huuza pasi kwa kanda. Harvest Hosts hukupokea mashambani, kwa kawaida usiku mmoja, mradi gari lina choo na maji yake.

• Uliza tarehe zisizo na punguzo. Wikendi na sikukuu, kama Julai 4, punguzo huweza kusitishwa.

• Pima gari lote. Unapoweka nafasi, taja urefu pamoja na gari dogo unalolivuta.

• Heshimu umeme. Soketi ya ampea 30 hutoa wati 3,600 tu. Kiyoyozi, maikrowevu na hita ya maji vikiwaka pamoja, swichi itakata. Chomeka kwanza kifaa cha kukinga gari dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

• Maji taka kwa mpangilio. Mwaga tangi la choo kwanza, kisha la maji ya kuogea, ili yasuuze mpira wa kumwagia. Mpira wa maji ya kunywa usiusogeze hapo kamwe.

• Usisaini kwa haraka. Mkataba wa miaka mingi usome nyumbani kwa utulivu: ada ya mwaka, namna ya kujitoa, na siku unazoruhusiwa kukaa mfululizo. Haraka haraka haina baraka.