Amechanjwa jana, leo analala tu

Swali: Daktari, jana asubuhi nilimpeleka mtoto wetu wa mbwa kuchanjwa, ana wiki tisa. Tangu jioni analala tu, chakula anakinusa na kukiacha, na pale alipochomwa pana kinundu. Jirani anasema chanjo ndiyo inayoua watoto wa mbwa, nisimrudishe kwa sindano ya pili. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro.

Jibu: Mrudishe, tena kwa tarehe ileile uliyoandikiwa kwenye kadi.

Hayo unayoyaona ni ya kawaida. Mwili unajifunza kupambana na ugonjwa, na kazi hiyo huleta homa ndogo, uchovu na kukosa hamu ya kula kwa siku moja au mbili. Kinundu kitaisha chenyewe, ingawa huweza kuchukua wiki mbili tatu. Usikikande wala kukiminya. Mwekee maji karibu, na watoto wa nyumbani wamwache apumzike. Siku ya pili ikipita bila nafuu, au kinundu kikikua na kutoa usaha, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Nakuomba sana, usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huleta vidonda tumboni na kuharibu figo za mbwa, na panadol huweza kumharibu ini.

Cha kuogopa ni mzio mkali, na huo haukawii: huja ndani ya dakika au saa chache. Uso huvimba, vipele hutoka, mbwa hutapika mfululizo, huhema kwa shida, ufizi hupauka, huanguka. Ukiona hivyo usingoje kupambazuke. Ndiyo maana napenda mbwa wachanjwe asubuhi, kama ulivyofanya, kliniki ikiwa bado wazi. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2005, uliohusu mbwa zaidi ya milioni 1.2, ulikuta kwamba katika kila mbwa 10,000 waliochanjwa, kama 38 tu ndio walioandikiwa tatizo lolote ndani ya siku 3. Mbwa wa maumbo madogo, hasa waliochomwa chanjo kadhaa kwa mkupuo, ndio walioathirika zaidi. Mweleze daktari wako hali ya jana, aiandike kwenye kadi.

Jirani simlaumu, maana huenda ameyaona kwa macho yake: mbwa kachanjwa, siku chache baadaye anaharisha damu, anakufa. Mara nyingi hiyo ni parvo, na mbwa alikuwa nayo kabla ya sindano, au aliipata wakati kinga yake ikiwa bado changa. Kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huizuia chanjo isishike. Kwa mmoja huisha mapema, kwa mwingine huchelewa, wala huwezi kujua kwa kumtazama. Kwa hiyo tunarudia kila baada ya wiki 3 hadi 4, mpaka afikishe wiki 16. Ukiishia sindano ya kwanza, huenda mbwa wako hana kinga kabisa, nawe unaamini anayo. Kwa sasa asitoke kwenda wanakozurura mbwa wengine; kirusi cha parvo hukaa udongoni kwa miezi.

Akifikisha miezi mitatu, achanjwe pia dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, hauna tiba, na watoto ndio wanaong'atwa sana. Muulize afisa mifugo wa kata yako ni lini na wapi wanachanja.