Cherehani Zilizovunjwa na Mafundi

Fundi aketiye barazani pa duka na kukanyaga cherehani yake huihesabu kuwa ndiyo shamba lake, maana humpatia chakula cha kila siku. Walakini cherehani za kwanza kutumiwa katika kiwanda hazikupokewa kwa shangwe. Zilivunjwavunjwa, nao waliozivunja walikuwa mafundi wa nguo wenyewe.

Zamani kila nguo ilishonwa kwa mkono. Shati moja la kiume, likishonwa vizuri, lilimchukua mshonaji zaidi ya saa 14. Kwa sababu hiyo nguo ilikuwa mali ya thamani. Ilitiwa viraka, ikageuzwa, ikarithiwa.

Katika mwaka 1830 fundi mmoja wa Kifaransa, Barthélemy Thimonnier, alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Chombo chake kilikuwa cha mbao kwa sehemu kubwa, nacho kilishona kwa uzi mmoja. Hazikupita siku nyingi, cherehani kama 80 za namna hiyo zikawa zinashona nguo za askari mjini Paris. Mafundi wa mji waliona kwamba riziki yao inakwisha. Mnamo Januari 1831 wakaingia kwa nguvu katika kiwanda kile, wakaziharibu. Thimonnier aliendelea kutengeneza cherehani nyingine, lakini alikufa maskini mwaka 1857.

Mshono wake ulikuwa wa mnyororo, yaani kila kitanzi cha uzi hushikwa na kitanzi kinachofuata. Kila aliyefungua gunia la sukari au la unga lililoshonwa kiwandani anaujua: ukipata ncha ya uzi iliyo sawa na kuivuta, mshono wote hufumuka mara moja. Kwa gunia hiyo ni faida. Kwa suruali yaweza kuwa aibu.

Dawa ya kasoro hiyo ni nyuzi mbili, moja juu ya kitambaa na moja chini yake, zinazofungana katikati. Mmarekani Elias Howe alipata hati ya cherehani ya namna hiyo mwaka 1846. Tundu la sindano yake lilikuwa karibu na ncha, si upande wa nyuma kama sindano ya mkono. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshindana mjini Boston na wanawake watano hodari wa kushona, naye akawashinda wote. Hata hivyo wanunuzi hawakutokea. Mwaka 1851 Isaac Singer alipata hati ya cherehani yenye sindano ya kusimama wima na mguu wa kukandamiza nguo. Howe alimshitaki kwa kutumia uvumbuzi wake, akashinda mwaka 1854, na baada ya hapo akawa analipwa fedha kwa kila cherehani iliyouzwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, vilitaka nguo za askari kwa maelfu na maelfu. Wenye viwanda wakazoea kushona kwa vipimo vilivyopangwa, bila kumpima kila mtu. Cherehani za kiwanda zilifungwa imara juu ya meza ndefu, na mtaimbo mmoja uliozungushwa kwa nguvu ya mvuke, na baadaye ya umeme, ukaziendesha zote pamoja. Shati la saa 14 sasa lilishonwa kwa muda wa saa moja na robo hivi.

Je, hofu ya mafundi wa Paris ilikuwa ya bure? Katika jambo moja walikosea: kazi ya kushona haikwisha, bali iliongezeka, na watu wasio na mali wakaweza kuvaa nguo mpya. Katika jambo jingine waliona mbali. Washonaji wa viwandani walilipwa kwa kila kipande, na mara nyingi kasi ilipozidi, malipo ya kipande yalipunguzwa. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulishika kiwanda cha Triangle mjini New York. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana waliotoka nchi za ng'ambo kutafuta kazi. Baada ya msiba huo jimbo la New York lilitunga sheria mpya juu ya milango, juu ya kinga ya moto na juu ya saa za kazi.

Cherehani hizo za kale, za chuma kizito, bado zaonekana katika nyumba za makumbusho, na nyingine zikitiwa mafuta hushona hata leo. Zinafundisha kwamba chombo huongeza mazao ya mkono, lakini hakigawi faida wala hakifungui mlango. Kazi hiyo ni ya wanadamu, nao wasipoifanya mapema, huja kuifanya baada ya matanga.