Je, Mgonjwa Aambiwe Kweli?

Somo la kusomwa na kuzungumzwa pamoja

Mwezi huu twataka kulitafakari jambo moja liwasumbualo wengi wauguzao wagonjwa, nyumbani hata hospitalini. Jambo lenyewe ni hili: daktari akiisha kuona ya kuwa ugonjwa ni mkubwa, wala hauponyeki, je, yampasa kumwambia mgonjwa mwenyewe, au awaambie ndugu zake tu?

Desturi yetu twaijua. Mama mzee aletwa hospitali na wanawe. Apimwa, na saratani yaonekana. Ndipo mwana wa kwanza amfuata daktari nje ya mlango, amwambia, "Daktari, twakuomba, mama asijue. Mwambie ni vidonda vya tumbo tu." Wafanya hivyo kwa upendo, si kwa hila. Wasema, "Akilisikia neno hili moyo wake utavunjika, naye atakufa kabla ya siku zake." Tusiwadharau wasemao hivyo, maana habari mbaya huumiza kweli, na mtu aweza kukata tamaa kwa sababu yake.

1. Jambo hili si la kwetu peke yetu.

Wako wadhanio ya kuwa kuficha ni desturi ya Waafrika, na kusema wazi ni desturi ya Wazungu. Sivyo. Mwaka 1961 daktari Donald Oken alitangaza majibu ya madaktari 219 wa hospitali moja katika mji wa Chicago, Marekani. Aliwauliza kama humwambia mgonjwa ya kuwa ana saratani. Karibu 90 katika kila 100 walijibu ya kuwa wapenda kutomwambia. Mwaka 1979 madaktari wengine wa Marekani waliulizwa maswali kama yale yale, na 97 katika kila 100 walisema ya kuwa wapenda kumwambia. Basi katika miaka 18 desturi ilipinduka. Dawa zilikuwa zimeongezeka, na wagonjwa wenyewe walikuwa wamedai haki ya kujua. Kwa hiyo tusiseme ya kuwa desturi haibadiliki. Afadhali tuulize ipi ni njema.

2. Kuficha huleta hasara.

Kwanza, mgonjwa hunyang'anywa nafasi yake. Hawezi kuchagua kama atakubali kupasuliwa au atapenda kukaa nyumbani na wajukuu, maana hajui achagualo. Hawezi kugawa shamba, wala kulipa deni, wala kumwita ndugu waliyekosana naye ili wapatane. Mfalme Hezekia alipougua, nabii alimpasha habari waziwazi, naye akapata wakati wa kulia na kuomba. Asiyeambiwa hana wakati huo.

Pili, mara nyingi mgonjwa anajua tayari. Auona mwili wake ukikonda. Awaona wanawe wakinyamaza aingiapo. Lakini kwa kuwa wao wamficha, naye awaficha wao, asiwahuzunishe. Hivyo nyumba nzima yalia, kila mtu pembeni mwake, na mgonjwa yu peke yake katikati ya watu wake.

Tatu, uongo ukizoewa kwa nia njema, hufungua mlango kwa nia mbaya. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, Marekani, idara ya afya ya serikali ilianza mwaka 1932 kuwachunguza wanaume weusi 600, maskini wakulima. Wanaume 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa jina la ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya," nao walidhani ya kuwa watibiwa. Kufika mwaka 1947 penisilini ilikuwa dawa ya kaswende ijulikanayo, lakini wao hawakupewa, ili ugonjwa uzidi kutazamwa. Mambo yalikomeshwa mwaka 1972 tu, baada ya magazeti kuyafunua, na mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake. Hatusemi ya kuwa mwana amfichaye mama yake ni sawa na watu wale. Twasema hivi: habari za mwili wa mtu ni mali yake. Akiisha kuichukua mwingine, mwenyewe hana ngao tena.

3. Namna ya kusema.

Lakini kweli yaweza kurushwa kama jiwe. Daktari asemaye habari ya kifo akiwa amesimama mlangoni, wagonjwa wengine wakisikia, huyo naye amekosa, ingawa hakusema uongo. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani na Kanada walichapisha mfano wa hatua sita, nao wafaa kujulikana na kila mwuguzi, hata na wazee wa kanisa. Kwanza, tafuta mahali pa faragha, keti chini. Pili, muulize mgonjwa, "Wewe waonaje ugonjwa wako?" Tatu, muulize kiasi gani apenda kujua. Nne, mwambie kwa maneno mepesi, kidogo kidogo. Tano, mwache alie, wala usikimbilie kusema mengi. Sita, panga pamoja naye yatakayofuata.

Tazameni hatua ya tatu. Yuko mgonjwa asemaye, "Mimi sitaki kujua, mwambieni kaka yangu." Huyo naye ana haki, wala asilazimishwe. Tofauti ni hii: amechagua yeye mwenyewe, hakuchaguliwa. Tena daktari asimhesabie mtu siku zake, kwa maana mara nyingi hesabu hiyo hukosea.

4. Baada ya kusema.

Neno baya kuliko yote liwezalo kusemwa hospitalini ni hili: "Hatuna la kufanya tena, mpelekeni nyumbani." Neno hilo si kweli. Ugonjwa usipoponyeka, maumivu bado yaweza kutulizwa. Huko Uganda, mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha kazi ya kuwatunza wagonjwa wa namna hii. Unga wa mofini huchanganywa na maji, na mgonjwa hunywa dawa hiyo nyumbani kwake kwa kipimo. Mwaka 2004 serikali ya Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika dawa ya mofini, kwa sababu vijijini madaktari ni wachache.

Basi kweli na matunzo ni ndugu wawili. Mgonjwa aogopa kufa, lakini zaidi aogopa kuumwa na kuachwa. Akiambiwa kweli na mtu atakayerudi kesho, na kesho kutwa, ataweza kuichukua. Nasi tusiowapa watu dawa twaweza kuwa watu wa namna hiyo: kuketi, kusikiliza, na kutokimbia.

Maswali ya kuzungumzwa:

1. Ndugu wakimwomba daktari amfiche mgonjwa, amjibuje bila kuwaaibisha?
2. Ungekuwa wewe mgonjwa, ungependa nani akuambie, na mahali gani?
3. Katika mtaa wetu ni nani aliyeachwa baada ya kutoka hospitali, na nani atakwenda kwake juma hili?